Vigingi Kumi Mlimani

Jumatatu, 3 Februari

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha fujo zake. Mimi huku sijambo, ila paa la ofisi yetu ya mipango linavuja, kwa hiyo sisi tunaowaambia watu wajenge wapi tunafanya kazi tukiwa na ndoo tatu katikati ya chumba. Usimwambie mtu.

Nina ombi. Wale vijana wawili waliopita hapo wiki iliyopita na nyundo hawakuwa wezi wa mipaka kama Mjomba alivyotangaza mtaa mzima. Ni wenzangu. Tunapima mlima wenu. Unakumbuka maporomoko ya mwaka jana ng'ambo ya bonde. Mkuu wangu anataka ramani ya hatari kabla mvua kubwa hazijakolea. Nyekundu, watu wahame. Njano, waliopo wakae lakini asijenge mtu mpya. Kijani, maisha yaendelee. Ramani hiyo ndiyo itakayoamua nani abaki na nani afunge virago, na anayeichora ni mimi.

Juu ya nyumba yako na ya Mjomba vijana wamepiga vigingi kumi kwa mstari mmoja, kutoka mwamba hadi mwamba. Miamba haiendi popote. Udongo ukianza kuteremka, vigingi vitaachana na mstari. Naomba kila Jumamosi ufunge uzi kati ya miamba miwili, upime kila kigingi kiko mbali na uzi kwa sentimita ngapi, ujaze fomu na kutia sahihi. Mstari mwingine kama huo uko upande wa shule, na utasomwa na mwalimu wa hesabu. Najua simu yako bado imelala kwenye pipa la saruji, lakini hata ingekuwa nzima, ofisi inataka karatasi. Mpe dereva wa lori la kokoto, anapita hapa mara mbili kwa wiki.

Wenzangu walitaka kumlipa kijana wa kompyuta aje apime. Nikawaambia nina baba fundi mwashi ambaye hajawahi kupindisha ukuta hata kwa unene wa kucha. Usiniangushe.

Msalimie Mjomba. Mwambie aache kutangaza.

Ni mimi, binti yako.

*

Jumapili, 9 Februari

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Nimefurahi kusikia uko salama pamoja na ndoo zako. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Mjomba wako naye hajambo, tangu jana anatembea kifua mbele kwa sababu nimemteua kushika ncha ya futi. Anajiita Naibu.

Fomu hii hapa. Vigingi kumi, sifuri kumi. Mlima umetulia kama mtoto aliyeshiba.

Lakini hao vijana wako, samahani, nani aliwafundisha kazi? Vigingi wamevipiga kama watu wanaotafuta mahali pa kuanika nguo. Cha tatu na cha sita vilikuwa vimekaa pembeni kabisa, ungedhani vimegombana na wenzao. Usijali lakini, sasa kazi imenyooka, ukisimama kwenye mwamba ukafumba jicho moja unaona kigingi kimoja tu.

Mwalimu wa hesabu ni mtu mzuri, ila nimewahi kumjengea jiko. Alipima mlango mwenyewe, na mpaka leo jokofu lake liko sebuleni. Nasema tu.

Baba yako, Fundi.

*

Jumatatu, 3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko? Natumaini wewe na Naibu wako mnaendelea vizuri. Mimi mwili mzima, kichwa ndicho nisichokielewa.

Barua yako ya kwanza niliwasomea wenzangu, tukacheka mpaka machozi, hasa pale pa jokofu. Sasa nimeshika tama. Nimeweka fomu zako nne upande huu wa meza na za mwalimu upande ule. Zako ni sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Za mwalimu, wiki ya kwanza sentimita moja, ya pili mbili, ya tatu mbili na nusu, ya nne nne kamili. Mlima ni ule ule, mvua ni ile ile, kutoka kwako hadi shuleni ni umbali wa kupiga mluzi. Inawezekanaje upande mmoja unatembea na mwingine umelala?

Kila mtu hapa ana maelezo yake. Mmoja anasema chini yako kuna mwamba mpana. Mwingine anasema mwalimu anapima vibaya. Wa tatu anasema wote wawili mko sahihi na anayekosea ni mimi. Mkuu amesema ramani iwe mezani kwake tarehe kumi na saba, na eneo moja lina rangi moja, hataki "labda" kwenye ramani.

Naomba uniambie zaidi ya namba. Kuna nyufa? Miti imeinama? Maji ya chemchemi yakoje? Andika hata unachodhani ni upuuzi.

Binti yako.

*

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Barua yako imenichanganya nikaisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Unataka upuuzi, haya. Mlango wa Mjomba wako haufungi tangu wiki iliyopita. Nimeuranda chini, ukafunga siku mbili, ukagoma tena. Nikauranda juu. Sasa una nafasi ya kupitisha paka na bado haufungi. Nimejenga nyumba ile mwenyewe, kona zake zote nilizipima, na leo nikiweka pimamaji kwenye kizingiti, kipovu kinakimbilia mlimani, yaani kizingiti kimeinamia bondeni. Nikajiambia pimamaji limeharibika. Nikaazima la jirani, nalo limeharibika vile vile.

Chemchemi inatoa maji meupe kama ya kusuuzia sufuria. Na njia ya kupandia juu ina ufa wa kuingiza vidole. Niliujaza udongo nikaushindilia, kesho yake ukafunguka pembeni.

Kwa hiyo mimi pia sielewi mbele wala nyuma. Macho yangu yananiambia kuna jambo. Namba zinaniambia hakuna. Jana nimepima tena kwa mkono wangu, Mjomba wako kashika ncha, na ni sifuri kumi, naapa. Maisha yangu yote, macho na futi vikigombana, nimefuata futi. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha wengine.

Kuhusu mwalimu, sitaki kumsema mtu. Jokofu bado liko sebuleni.

Baba yako.

*

Jumatatu, 17 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sijalala vizuri wiki hii, lakini si ugonjwa.

Nimekata shauri, ramani nimeikabidhi leo asubuhi. Upande wa shule nimeupaka nyekundu. Upande wenu nimeupaka njano. Niliandika pembeni habari za mlango, chemchemi na ufa. Mkuu akaniuliza, "Hivyo vina namba?" Nikasema havina. "Na namba zinasemaje?" Nikasema sifuri, wiki sita. Akasema, basi.

Familia kumi na moja za upande wa shule zitahamishwa wiki hii. Kwa kuwa hakuna uwanja mwingine ulio karibu na mashamba yao, wamepewa kile kiwanja kilicho wazi kati ya nyumba yako na ya Mjomba. Ofisi italeta mahema na mapipa ya maji. Mkuu anasema hema si jengo, kwa hiyo njano haikatazi. Watu arobaini na watatu, Baba. Nimehesabu majina mwenyewe.

Nina wasiwasi ambao sijui niuweke wapi. Nikiangalia karatasi kila kitu kimekaa sawa, nikiziweka chini nauona mlango wa Mjomba usiofungika. Nimejipa moyo kwa jambo moja tu, kwamba aliyepima ni wewe.

Binti yako.

*

Jumapili, 30 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na pole kwa kukosa usingizi. Huku sisi hatujambo, ila kimya tumekisahau. Wageni wamefika wote. Watoto kumi na tisa kwenye kiwanja kimoja! Wameshakata kamba yangu ya kuanikia, wamempa Mjomba wako jina la Jemadari, na yeye badala ya kukasirika ametafuta kofia. Sijamwona amechangamka namna hii tangu mama yako, dada yake, atutoke. Jioni anakaa nao kwenye ngazi yake na kuwadanganya kuhusu ujana wake. Mimi namsahihisha, wao wanamwamini yeye.

Fomu mbili ziko ndani ya bahasha, za wiki iliyopita na ya jana. Sifuri kama kawaida. Ila nakuomba, mvua zikipungua tuma mtu alete vigingi virefu zaidi, hivi vifupi vimenichosha. Zamani nilikuwa narudisha viwili vitatu kwenye uzi kabla ya kupima, sasa ni vyote. Jana cha sita peke yake kilikuwa kimeshuka upana wa viganja viwili vyangu. Nikaking'oa, nikakipiga upya mahali pake, kikakaa sawa na uzi, ndipo nikapima. Kazi ya nusu saa siku hizi inakula asubuhi nzima. Mjomba wako anasema ofisi inunue vigingi vya chuma.

Mvua imenyesha siku nne bila kupumua. Mlango wake sasa tumeung'oa kabisa, ameweka pazia.

Baba yako, Fundi.

*

Jumanne, 1 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo sitauliza afya. Dereva ananisubiri na injini inawaka, na nimemwambia akukabidhi mkononi.

Vigingi havikupigwa vibaya. Viliteremka na udongo. Ulipokuwa unavirudisha kwenye uzi kabla ya kupima, ulikuwa unafuta kile kile tulichokuwa tunakitafuta. Upana wa viganja viwili kwa wiki moja, Baba, na mwalimu tulimhamisha kwa sentimita nne kwa mwezi.

Ondokeni. Wewe, Mjomba, na familia zote kumi na moja. Nendeni ghala la ushirika kule tambarare, msibebe chochote kisichobebeka kwa mkono mmoja.

Nimekwenda kwa mkuu na barua yako. Ameisoma, ameniuliza kama nina hakika kwamba ulivihamisha kabla ya kupima na si baada ya kupima. Anasema amri ya kuhama inataka vipimo vipya, na daraja la chini limefunikwa na maji, ni lori tu linalothubutu. Wapimaji hawafiki kabla ya wiki ijayo. Kwa hiyo hakuna mtu wa ofisi atakayekuja kuwaambia. Na mimi hata nikija leo hawatanisikiliza, kwa sababu ramani yenye jina langu ndiyo iliyowaweka hapo.

Watakusikiliza wewe. Waambie kwamba zile sifuri hazikuwa sifuri. Najua ninachokuomba.

Kosa ni langu. Uliniandikia katika barua ya kwanza kabisa kwamba umevinyoosha, nikasoma, nikacheka. Sikuwahi kukuambia usiviguse. Niliona ni jambo ambalo halihitaji kusemwa.

Binti yako.

*

Alhamisi, 3 Aprili
Ghala la Ushirika

Mwanangu,

Marahaba. Tuko ghalani. Ninaandikia juu ya gunia.

Dereva alinipa barua yako jana saa tisa mchana. Nikaisoma na sikuelewa. Nikakasirika kwanza, nikasema mtoto huyu anataka kunifundisha kunyoosha mstari. Fundi akikuta kozi ya matofali imepinda hapimi upindo, anainyoosha kisha anapima. Nani anaacha kitu kimepinda halafu anakiandika? Nikapanda juu na barua mkononi ili nikuandikie jibu kali. Nikafunga uzi. Tangu Jumamosi, siku nne tu, hakuna kigingi kilichokuwa karibu nao. Cha sita sikukiona kwanza, kilikuwa chini ya uzi kwa hatua nzima. Nikakaa chini kwenye matope, mwanangu. Wiki zote hizo mlima ulikuwa unaniambia, na mimi kila Jumamosi naufunga mdomo kwa nyundo.

Nilishuka nikawaita watu wote kiwanjani. Nimejenga nusu ya nyumba za mtaa huu, na sikumbuki kusimama mbele ya watu kusema nimekosea. Sauti haikutoka vizuri. Nikasema, ndugu zangu, vipimo vyangu si vya kweli, niliviharibu kwa mkono wangu, mlima unashuka, tuondoke sasa hivi. Mama mmoja akauliza, "Fundi, kwa hiyo kule tulikotoka ndiko kubaya au hapa ndiko kubaya?" Nikamjibu kote. Baba mmoja akasema ofisi inatuchezea, jana njano, leo nyekundu, kesho tutaambiwa bluu. Wengine wakacheka. Lakini mwalimu wa hesabu, ambaye ni mmoja wa waliohamishwa, alipanda juu peke yake, akarudi akaanza kukunja hema lake. Baada ya hapo wakakunja wote. Kufikia magharibi tulikuwa hapa, watu arobaini na wanne pamoja nami.

Mjomba wako hakuja.

Nimebishana naye mpaka koo limekauka. Nilidhani anakataa kwa ajili ya nyumba, au vitu, au kiburi. Si hivyo. Amekaa kwenye ngazi yake, kofia kichwani, anatabasamu. Akaniambia, "Shemeji, mimi nilikuwa nashika ncha ya futi. Nimeona sifuri kwa macho yangu. Wewe hujawahi kukosea kipimo tangu nikujue, leo umepata barua moja ya mtoto umetikisika. Nenda ukalale, kesho utakuwa sawa." Nikamwambia nilivirudisha vigingi kabla ya kupima. Akasema, "Ndiyo, na ulivirudisha vizuri."

Sijui nimwambieje. Neno lipi la kumwingia mtu wa namna hiyo? Leo nimekwenda mara mbili. Mara ya pili amenipa uji na kunipa pole, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Mwandikie wewe, labda atakusikia. Nimefikiria kumfunga kamba. Vijana watatu wa hapa wako tayari, lakini yeye ni mtu mzima, na ni kaka wa mama yako.

Baba.

*

Jumamosi, 5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nashukuru mmetoka, nimelia hapa mezani mbele ya watu wote na sikuona aibu. Hali yako ikoje? Goti? Kuna mablanketi ya kutosha?

Barua ya Mjomba iko ndani, haijagundishwa, isome ukipenda. Nimemwandikia kwamba sitaki anisadiki mimi wala wewe. Nimemwambia aende mwenyewe kwenye mwamba bila futi na bila uzi, aangalie tu kigingi cha sita kiko wapi.

Kuhusu kamba, mfungeni. Mfungeni, Baba. Akikasirika atanikasirikia mimi, nitapiga magoti nimwombe radhi mwaka mzima.

Lori linaondoka kesho kutwa, hakuna jingine. Nimewatafuta madereva wote wa stendi, daraja linawatisha.

Mkuu ameniambia niandike maelezo ya kwa nini nataka ramani ibadilishwe. Nimejaza kurasa mbili na bado sijafika mahali nilipokosea. Nijibu haraka.

Binti yako.

*

Jumamosi, 19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini huu utakuwa mwandiko unaosomeka.

Utakuwa umeshasikia, ofisi yako ilifika hapa Jumanne ya tarehe nane na magari matatu. Lakini hukusikia kwangu, na nimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu sijui nianzie wapi.

Ilikuwa Jumapili ya tarehe sita, saa nne asubuhi, mvua imekatika, jua linawaka. Watu ghalani walikuwa wanaanika nguo na wameanza kunung'unika kwamba nimewatoa bure. Nilikuwa njiani kwenda kwake na wale vijana watatu. Kamba ilikuwa begani mwangu. Tulikuwa tumekubaliana tutamchukua kwa upole. Tulifika kwenye kona ya kisima tukasikia kishindo kimoja, si kikubwa, kama lori linalomwaga kokoto. Tulipokata kona hapakuwa na kitu mbele yetu ila udongo. Nyumba yangu haipo, kiwanja hakipo, yake haipo. Wale vijana walinishika mikono. Nadhani nilikuwa nakimbia.

Tulimpata Alhamisi. Alikuwa hatua kadhaa kutoka pale ngazi ilipokuwa, upande wa juu. Mwalimu anasema huenda alikuwa anapanda kwenda kuangalia vigingi. Mwingine anasema udongo humpeleka mtu popote. Barua yako ilikuwa haijafika, kwa hiyo kama alikuwa anapanda, hakutumwa na mtu. Nawaza hilo tangu ninapoamka. Kuna siku naona lingenifariji na kuna siku naona ndilo baya zaidi, na sijui kwa nini.

Tumemzika tambarare, karibu na mama yako. Watoto wote kumi na tisa walikuja.

Watu wananishukuru. Kila asubuhi kuna mtu ananiletea chai, ananishika mkono, anasema Fundi, Mungu akuweke, wanangu wako hai kwa sababu yako. Nikijaribu kuwaeleza kwamba walikuwa chini ya mlima ule kwa sababu yangu pia, wanasema nimechoka, nipumzike. Mwalimu peke yake hanishukuru wala hanilaumu. Anakaa karibu nami tu. Namshukuru kwa hilo.

Nasikia mkuu wako anataka maelezo. Nilitaka kukuomba usilitaje jina langu. Nimebadili nia. Litaje. Andika kwamba fundi alikuwa anavirudisha, andika ni Jumamosi ngapi, ili wapimaji wengine waambiwe mapema.

Lakini kuna jambo moja nataka unijibu wewe, si ofisi, kwa sababu nimeliuliza kila upande na silipatii jibu. Mjomba wako hakuwa mjinga, wala hakuwa mbishi wa kupindukia. Miaka thelathini alinijua kwa kazi yangu. Nilimpa Jumamosi nane za uongo nikiwa na futi mkononi na sahihi chini yake, halafu nikampa siku nne za ukweli nikiwa na matope magotini na sauti inayotetemeka. Ungekuwa wewe umekaa pale kwenye ngazi, ungemwamini baba yako yupi?

Nijibu hilo tu. Mengine yatasubiri.

Ni mimi, baba yako.